Naomba ushauri: kuishi jirani na kinu cha nyuklia kinachojipoza chenyewe

Musa_Jinja: Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Nimesoma kwamba vinu vidogo vya nyuklia hujipoza vyenyewe umeme unapokatika, bila pampu wala jenereta. Je, mtu anaweza kujenga jirani na kinu cha namna hiyo na kulea watoto bila hofu?

Fundi_Mitambo: Ndugu Musa, kinu kikizimwa, fueli huendelea kutoa joto, mwanzoni karibu asilimia 6 ya nguvu yake yote. Kule Fukushima, Japani, mwaka 2011, vinu vilizimika vizuri tetemeko lilipopiga, lakini tsunami ilizamisha jenereta na pampu zikakosa umeme. Kinu kidogo cha kampuni ya NuScale ya Marekani, chenye megawati 77, kimefungwa ndani ya ganda la chuma lililozama katika bwawa. Hitilafu ikitokea, mvuke huachiwa ndani ya ganda, hugusa ukuta uliopozwa na bwawa, hugeuka maji na kurejea kwenye fueli, kama ufanyavyo chini ya mfuniko wa sufuria.

Mama_Iganga: Mwanangu, marehemu baba yangu alihamishwa kupisha ujenzi wa bwawa la umeme, na fidia ikatoka akiwa amekwisha kuzikwa. Tuambie ukweli: umenunua ardhi?

Musa_Jinja: Ni kweli, mama. Nimekwisha kulipa nusu ya bei ya shamba wilayani Buyende, hapa Uganda, kinu kinakopangwa kujengwa, kwa fedha za urithi wetu sote nyumbani. Sioni kosa, kwa kuwa barabara na umeme vitafika, na kinu chenyewe ni kidogo.

Mwalimu_Mbale: Nani amekuambia ni kidogo? Mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa megawati 2,000 hapo Buyende, 1,000 za kwanza zikitarajiwa mwaka 2031. Urithi wa ndugu hauguswi kabla ya kikao cha ukoo.

Okello_K: Mimi nashuku kisa hiki kimetungwa na dalali anayetaka kupandisha bei za mashamba. Kama ni kweli, tueleze karatasi uliyopewa.

Musa_Jinja: Mimi si dalali. Ni ukurasa wa daftari wenye alama ya dole gumba la muuzaji na mhuri wa zambarau wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Sehemu ya mipaka imeachwa wazi, ijazwe nikimaliza kulipa.

Okello_K: Basi naamini, na nakuhurumia. Shamba lisilo na mipaka bado hujauziwa.

Fundi_Mitambo: Nirudi kwenye kupoza. Hata kinu kikubwa kama AP1000 kina tangi juu ya ganda lake la chuma, ambalo maji yake huteremka yenyewe huku hewa ikipita kandokando, na huhimili saa 72 bila umeme. Baada ya hapo ni lazima watu waongeze maji. Kwa hiyo uliza kwanza ni kinu gani kitajengwa, na nani ataleta maji siku ya nne. Tena nenda ofisi ya ardhi ya wilaya, uulize kama shamba hilo limo katika eneo litakalotwaliwa.

Musa_Jinja: Nitakwenda, ndugu. Ila muuzaji anataka nusu iliyobaki kabla ya Ijumaa.

Mama_Iganga: Usimpe, mwanangu, hata shilingi moja, mpaka ofisi ikujibu kwa maandishi.