Mjadala: Miaka 17 dukani, sheria inahesabu 10. Ukomo wa kiinua mgongo ubaki au uondolewe?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wakuu, nawasalimu kutoka Chikongola. Nina jambo limeninyima usingizi tangu Januari, naomba tulijadili kiutu uzima.

Nina miaka 17 katika duka moja kubwa la bidhaa hapa mjini. Nilianza kwa kupanga sabuni na mafuta kwenye shelfu, nikawa keshia, leo ni msimamizi wa zamu. Katikati hapo duka lilibadili wamiliki. Tuliitwa ofisini mmoja mmoja, tukasainishwa mikataba mipya. Nilisaini nimesimama, foleni ya wateja inaningoja. Sikuuliza miaka yangu ya nyuma inahamia wapi.

Wa huku mnajua maisha yetu yanavyoendeshwa na korosho. Minada ikianza Oktoba, fedha zinaingia Tandahimba, Newala na Masasi, watu wanashuka mjini kununua mabati, magodoro, simu. Duka linaongeza vibarua. Msimu ukiisha vibarua wanaondoka, halafu ndipo mali inahesabiwa. Upungufu ukionekana, aliyebaki kuulizwa ni mwenye ajira ya kudumu. Mwaka huu nimeambiwa "sehemu yangu" itakatwa kwenye mshahara. Mwenzangu wa miaka 20 akashauriwa aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi ili atoke kwa heshima. Akaandika.

Tangu siku hiyo nimekuwa naisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 42 ndicho kilichonikalia kooni. Kinasema kiinua mgongo, yaani malipo ya kuachishwa kazi, hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ila miaka inayohesabiwa haizidi 10.

Piga hesabu na mimi. Mshahara wangu wa msingi ni 390,000. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata 15,000 kwa siku. Mara 7, mara 10: shilingi 1,050,000. Miaka yote 17 ingehesabiwa, ingekuwa 1,785,000. Tofauti ni 735,000. Kwa kampuni ni mauzo ya asubuhi moja ya Desemba. Kwangu ni mabati ya nyumba iliyoishia kwenye lenta kule Naliendele.

Na hata hiyo milioni moja unaipata kama mwajiri ndiye aliyekuachisha. Ukifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, huipati. Ukiandika barua mwenyewe, ndiyo umeisamehe kwa mkono wako. Mwenzangu hakulijua hilo alipoishika kalamu.

Hoja yangu ni kwamba ukomo wa miaka 10 uondolewe. Kuanzia mwaka wa 11 kuniondoa hakumwongezei mwajiri hata senti ya kiinua mgongo, wakati mshahara wangu ni mkubwa kuliko wa kijana aliyeingia juzi. Kwa hiyo kadiri ninavyokaa ndivyo ninavyozidi kuwa wa kwanza kutazamwa wakipunguza gharama.

Na msiniambie kampuni kubwa hazitikisiki. Shoprite waliuza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014. Uchumi wakafunga yao mwaka 2015. Nakumatt nao wakaporomoka miaka michache baadaye. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Lindi mjini

Dada, pole kwanza. Kuhusu mwenzako aliyeandikishwa barua, wamemkosea, sina utetezi.

Lakini mimi nina duka la jumla hapa Lindi, wafanyakazi 14, na kwenye ukomo napingana nawe. Msimu wa korosho ninauza. Kuanzia Machi nakaa naangalia barabara. Kila mwezi ninalipa michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mauzo yawepo yasiwepo. Ukiniambia deni la kila mtu linakua bila mwisho, nitafanya nini? Nitamwachisha mapema, mwaka wa nane au wa tisa. Mtaondoa ukomo kumsaidia mtu wa miaka 17, mtamuumiza wa miaka 8.

Halafu tusichanganye mambo. Uzee wa mfanyakazi una NSSF: asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, mwajiri akitoa si chini ya nusu yake. Kiinua mgongo ni cha kumvusha mtu wakati anatafuta kazi nyingine.

Mchangiaji, Masasi

Binti yangu, mimi ni mzee wa RTC, ile kampuni ya biashara ya serikali mkoani. Tulidhani duka la serikali halifi. Lilipokuja kufa, nilikuwa na miaka yangu kichwani na kwa majirani walioniona nikienda kazini kila asubuhi. Barua ya kuajiriwa niliiweka kwenye sanduku la mbao, mchwa wakaimaliza. Nilizungushwa sana kwa ajili ya karatasi moja. Mambo ya asilimia nawaachia ninyi, ila barua yako iko wapi?

Mchangiaji, Mtwara, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi TUICO tawini

Shikamoo mzee wa Masasi. Mleta mada, kabla ya kubadilisha sheria, tumia iliyopo, maana umeshaanza kukatwa.

Kifungu cha 28: hukatwi fidia ya upotevu mpaka ukubali kwa maandishi. Hata ukikubali, lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako wewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na namna alivyokokotoa, akupe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya ujira wako wa fedha. Hii ya kugawana upungufu kama mchango wa harusi haimo. Wakikuletea karatasi ya kukubali deni, usisaini papo hapo. Omba nakala, nenda nayo nyumbani.

Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi na ayatunze miaka 5 baada ya ajira kwisha. Shauri likifunguliwa akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Mzee wa Masasi, hili naona lingekufaa sana.

Sasa huyo mwenzako. Sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka mtu akaondoka, huko nako ni kuachishwa. Lakini malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Zikipita, anaanza kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, na anaweza kukataliwa. Barua aliandika lini?

Mleta mada

Asanteni. Barua aliiandika mwishoni mwa Januari. Nimehesabu kwenye kalenda, leo ni siku ya 22. Nimeshampigia. Alikuwa amelala mchana, mtu ambaye miaka 20 hakuwahi kulala mchana.

Kaka wa Lindi, umesema kweli yako nami naiheshimu. Hofu ya mwaka wa tisa ipo. Lakini kifungu cha 37 kinamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, hivyo kumwachisha mtu ili tu asikomae kazini hakukubaliki hata leo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaondoka kimya. Kama deni lisilo na mwisho linakutisha, basi ukomo usogezwe hadi miaka 20 au 25. Hapo niko tayari kukusikiliza. Kwenye 10 siwezi.

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako lilinitoa kitandani usiku. Barua ya kwanza sikuipata. Nimepata kitambulisho cha duka la zamani, chenye jina la wamiliki wa kwanza, na hati tatu za mshahara. Juzi nikachukua taarifa ya michango NSSF: majina ya waajiri wote wawili yamo, mwezi kwa mwezi, isipokuwa miezi minne wakati wa kubadilishana wamiliki. Miezi hiyo nilikuwa kaunta kila siku. Nimeandika barua kwa afisa utumishi kuomba maelezo ya ajira yangu na maelezo ya hayo makato, nakala mbili, na nimemwomba agonge muhuri wa kupokea kwenye yangu. Alinitazama kwa muda, kisha akagonga.

Jumatatu nina zamu ya jioni. Asubuhi nampitia mwenzangu, tunakwenda CMA pamoja. Ndugu wa TUICO, kama una nafasi, tukutane nje ya ofisi yao saa mbili.