Fare (taa za mbele) zenye ukungu na parishoki (bampa) iliyofifia: garaji, mashini yangu mwenyewe ya kung'arisha, ao ninunue fare zingine?

Baba_BelAir
Jambo bandugu. Fare za motoka yangu zimeota ukungu wa manjano, usiku barabara naiona kwa taabu. Parishoki ya mbele nayo imefifia, ina mikwaruzo. Fundi mmoja wa huku Kampemba, Lubumbashi, anaomba dola 40 kupitisha mashini kote. Rafiki anasema ninunue mashini yangu. Mke wangu anasema tutafute fare za okazioni, zilizokwisha kutumika, basi. Jumamosi napaswa kumjibu fundi.

Kaka_Ruashi
Papa, motoka gani? Ya mwaka gani? Ukungu uko nje ao ndani? Parishoki ina rangi ao ni plastiki nyeusi tupu? Osha fare, ikauke, pitisha kidole. Ukihisi unga kama chaki, ugonjwa uko nje. Ukiona matone ya maji ndani, mashini haitasaidia kitu, maji yanapenya mahali.

Noah_Katuba
Nunua zingine. Mimi sipotezi wakati na msasa.

Fundi_Kenya
Ndugu, hizo za okazioni zimekaa juani miaka ileile. Fare hizi si kioo, ni polikaboneti, na kiwandani huwa inapakwa verni ya kuikinga na jua. Verni ndiyo inakufa. Kazi ya kweli ni msasa wa maji namba 800, 1000, 1500, 2000, hadi 3000, kila namba ikifuta mistari ya ile iliyotangulia, kisha mashini na pasta ya kung'arisha, kisha verni mpya ya kuzuia jua. Papa, muulize fundi wako: hizo dola 40, verni iko ndani?

Mama_Kamalondo
Hilo la verni, mulishike sana. Mwaka jana mwezi wa nane, wakati wa vumbi jekundu, nilipeleka motoka kwenye garaji moja. Kijana akaifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, akawasha mashini. Vumbi lote likabaki chini ya sponji, likachora miviringo mpaka leo. Kufika kwenye kona ya parishoki akakandamiza, akakaa palepale. Nilisikia harufu kabla ya kuona. Alipoinua mashini, rangi ilikuwa imetoka, plastiki nyeusi iko wazi, upana wa kiganja. Akaniambia rangi ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Fare ziling'aa kweli, nikafurahi, nikamlipa. Mwezi wa kwanza zilikuwa za manjano kuliko mwanzo, maana ametoa verni ya zamani na hakupaka nyingine. Parishoki nimeipakisha rangi upya kwa pesa yangu. Bado inaniuma.

Fundi_Kenya
Pole sana mama. Bati linasambaza joto, plastiki inalibakiza pale pale. Na kwenye kona rangi huwa nyembamba. Hapo unabandika utepe wa karatasi ao unapita kwa mkono. Mashini ya mzunguko mmoja ni ya mtu aliyeizoea. Anayejifunza achukue ile inayozunguka huku ikitikisika. Inachelewa, lakini haichomi haraka.

Kaka_Ruashi
Na ile plastiki nyeusi isiyo na rangi usiipitishie mashini kabisa, utaiachia madoa.

Petit_Gécamines
Mimi natumia dawa ya meno. Dawa ya mbu ya kupuliza pia inasafisha dakika moja!

Fundi_Kenya
Dawa ya meno inakwangua kidogo tu, ukungu unarudi upesi. Ya mbu inayeyusha uso wa plastiki, ndiyo maana inang'aa. Nakuomba uache, mdogo wangu.

Baba_BelAir
Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika. Ni Toyota Ist ya 2004, usukani wa kuume. Ukungu uko nje. Parishoki ina rangi, lakini ilishapakwa tena kabla sijainunua.

Noah_Katuba
Usukani wa kuume! Basi fare zimetengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto. Mwanga wa chini, ule wa kupishana, unapanda upande wa kushoto, na huku kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Ukizing'arisha utatuchoma macho njia ya Kasumbalesa.

Mama_Kamalondo
Na asipoona? Malori njia ile yanaegeshwa gizani bila taa hata moja.

Noah_Katuba
Ashushe mwanga basi. Asimame mbele ya ukuta usiku, aangalie unapopanda.

Kaka_Ruashi
Kushusha hakuondoi ile pembe ya kushoto, kunapunguza tu.

Fundi_Kenya
Papa, rangi iliyopakwa mara ya pili hatujui unene wake. Parishoki ningeifanya kwa mkono.

Baba_BelAir
Nimetoka kwa fundi. Mashini yake ni ya mzunguko mmoja. Verni hana, anasema niilete mwenyewe. Nani anajua duka la hapa mjini lenye verni ya fare?

Noah_Katuba
Ukiipata uniambie na mimi. Za kwangu zimeanza.