Msaada wa haraka: mbwa kaanguka, kakakamaa, katoa povu. Mtaa unasema kichaa, wanataka auawe

GobaKwetu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naandika mikono bado inatetemeka, mnivumilie.

Nina mbwa dume, Jemani (German Shepherd), anaitwa Komando. Ana miaka mitatu, nimemlea toka ana wiki nane na hajawahi kuumwa zaidi ya kupe. Leo saa 11 alfajiri nikasikia bati la banda linagongwa, nikajua mwizi. Natoka na tochi namkuta kalala ubavu, shingo imejikunja kwa nyuma, miguu yote minne inakwenda kama anaogelea, meno yanagongana, povu lina damu kwa mbali. Kajikojolea. Macho kodo, lakini namwita wala hasikii. Mimi niliona kama nusu saa, mume wangu anasema hata dakika mbili hazikufika.

Alipoinuka alikuwa kama mlevi. Anagonga ukuta, ananipita kama hanijui, akanywa maji karibu amalize ndoo. Kufika saa 2 anatingisha mkia, anadai chakula.

Sasa jirani alichungulia juu ya ukuta akaliona lile povu. Mchana mtaa mzima ukawa unajua nafuga mbwa mwenye kichaa. Mjumbe kaja, kistaarabu kabisa, ila ujumbe ni uleule: aondolewe kabla hajang'ata mtoto wa mtu. Mama wa duka anasema kalishwa sumu, nimnyweshe maziwa na mafuta ya kula. Dada wa kazi yeye anasema kuna kitu kilitumwa kwetu, mbwa ndiye kakibeba.

Kadi ya chanjo ipo, alichomwa ya kichaa miezi saba iliyopita. Ah, nisisahau: niliingiza kijiko mdomoni asimeze ulimi, meno yakanichubua kidole. Nifanyeje?

MifugoMstaafu
Dada, mambo ya mbwa baadaye. Kidole kwanza. Nenda bombani sasa hivi, maji yanayotiririka na sabuni, osha dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Kisha kituo cha afya leo hii, waeleze kama ulivyotueleza hapa, na kadi ya mbwa uende nayo. Wao ndio wataamua kuhusu sindano. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna wa kukutoa, kwa hiyo hapa hatubahatishi hata kama mchubuko ni mdogo na mbwa ana kadi.

Turudi kwa Komando. Mwenye kichaa anaweza kutoa povu na hata kuanguka hivyo hivyo, jirani hajazua. Tofauti ni kwamba mwenye kichaa harudi. Leo kabadilika tabia, kesho taya limelegea na mate yanachuruzika kwa sababu hawezi kumeza, sauti ya kubweka inabadilika, keshokutwa miguu ya nyuma haimbebi. Anazidi kuteremka, na kwa kawaida siku kumi hazipiti hajafa. Wako kaanguka, kaamka, kala, kamjua mwenyewe. Hiyo inafanana zaidi na kifafa.

Lakini kufanana si kuthibitisha. Mfungie siku kumi ndani ya banda lenye mlango, chakula kipite chini, watoto wasisogee. Mwite afisa mifugo wa kata aje amwone na aandike. Ile karatasi yake itakusaidia kwa mjumbe kuliko maneno yako matamu. Na msimwue kienyeji, kwa sababu mbwa akishazikwa hakuna atakayejua kidole chako kiligusana na nini.

Kisoda
Mjumbe akija na rungu mwambie aanze na wale mbwa koko wa dampo, ambao kadi hawana 😂

Chugga_Labrado
Pole sana dada. Labrado wangu ana mwaka wa nne na kifafa, nilipita hapo hapo ulipo.

Kijiko usirudie. Mbwa hamezi ulimi. Akiwa kwenye degedege hana fahamu, taya linajifunga lenyewe, hata kama ndiye anayelala miguuni pako kila siku atakukata kidole na hatajua. Wala usimkandamize eti atulie. Sogeza ndoo, matofali, chochote atakachojigonga nacho. Kama yuko karibu na ngazi au shimo, mvute kwa ngozi ya mgongoni, kichwa uwe nacho mbali. Zima redio, punguza taa, watu watoke.

Halafu tazama saa. Mimi mara ya kwanza ningeapa ilikuwa robo saa, kumbe dakika moja na nusu. Saa ndiyo inayokwambia ulale au uwashe gari. Ikivuka dakika 5, au akiingia ya pili kabla fahamu hazijarudi, au zikiwa mbili ndani ya saa 24, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane. Ikirefuka mwili unachemka, na kwa joto la Dar ndiyo usiseme. Mloweshe tumboni na kwenye nyayo kwa maji ya bomba, fungua madirisha ya gari, muende. Barafu usitumie.

Mtu wa pili kama yupo, arekodi video. Mimi nilimweleza daktari wiki mbili hakunielewa, nikamwonyesha video ya sekunde 40 akaelewa.

Akizinduka usimkimbilie kumkumbatia. Wangu huwa kama haoni kabisa, anazunguka meza, mara moja aliniunguruma mimi niliyemlea. Mpe nusu saa. Maji usimpe mpaka asimame vizuri.

Mama Popi
Hayo maziwa na mafuta mniache niseme kwa uchungu. Mwaka juzi mbwa wangu alianguka, tukamfungua mdomo tukamimina maziwa kikombe kizima. Degedege likapita, akaamka anakohoa, siku ya tatu akafa na mapafu. Daktari alisema maziwa yaliingia kwenye njia ya hewa. Asiye na fahamu hanyweshwi kitu, iwe sumu au si sumu.

NzigeMwekundu
Mnachekesha. Mbwa kishamtoa mama wa watu damu, nyie mnaleta video na stopwochi. Kwetu kijijini anayetoa povu ni wa kuondoka. Heri lawama.

MifugoMstaafu
@NzigeMwekundu sikubishii woga, nimeshazika mtu aliyekufa kwa kichaa na sitaki kuona tena. Ila kule kijijini ulikotaja wangechanja mbwa wote wasingekuwa na haja ya rungu. Huyu ana kadi, yuko ndani, na ana siku kumi za kuangaliwa.

Daktari_wa_Moro
Mimi ni daktari wa mifugo, ila sijamwona mbwa, kwa hiyo nauliza tu. Je, wiki hii mmetega sumu ya panya, au shamba la jirani limepigwa dawa ya wadudu? Umemwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, au kuna mtu kampiga sindano ya ivamektini (dawa ya minyoo) kwa kipimo cha ng'ombe? Haya mawili nayaona sana, watu wanabana matumizi. Sumu huwa inakuja na wenzake: mate mengi, kuhara, kutapika, misuli kutetemeka bila kuacha. Haiji dakika mbili ikaondoka na mbwa akadai ugali.

Kwa wanaosoma wenye mbwa tofauti na huyu: mtoto wa mbwa anayeanguka, fikiria sukari kushuka au ugonjwa wa distempa kama hajachanjwa. Jike anayenyonyesha akianza kukakamaa ni kalsiamu imeisha, mkimbizeni siku hiyohiyo. Mzee wa miaka minane anayeanza leo, tunatafuta uvimbe kichwani, ini au figo.

Dume la Jemani, miaka mitatu, mzima katikati ya vipindi: kifafa cha kurithi ndicho kinakaa juu ya orodha yangu, maana hicho huanza kati ya miezi 6 na miaka 6, na Jemani ni mojawapo ya koo zenye nacho. Hakina kipimo chake. Tunapima sukari, kalsiamu, ini na figo, vikiwa safi ndipo tunakitaja. Degedege moja fupi mara nyingi hatuanzishi dawa. Zikiwa mbili ndani ya miezi sita, au zikija mfululizo, tunaanza, aghalabu fenobabitali kila baada ya saa 12. Ukianza, usiache ghafla hata siku moja kwa sababu eti kapona. Kuacha ghafla kwenyewe kunaleta degedege baya kuliko la mwanzo. Na msigawane vidonge vya binadamu kwa kukisia. Kwa Dar tafuta kliniki yenye maabara, ikishindikana hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) hapa Morogoro ipo.

GobaKwetu
Mrejesho, siku ya 12. Nimeanza sindano toka siku ileile. Afisa mifugo alikuja mara mbili, Komando kavuka siku kumi anakula kama hana akili, mjumbe kaletewa karatasi kasaini. Sumu hakuna, dawa ya ng'ombe hakuna. Damu imetoka safi.

GobaKwetu
Wakuu, imerudi. Juzi usiku, wiki ya tano. Safari hii nilikuwa na saa: dakika 1 na sekunde 50. Aliyenishikia tochi nikirekodi ni mtoto wa yule jirani. Daktari kaona video, tumeanza vidonge, saa 1 asubuhi na saa 1 usiku.

Swali: toka aanze anakunywa maji na kukojoa bila breki, anayumba miguu ya nyuma, na leo kala sabuni ya kipande. Ni dawa au kuna kingine?

Chugga_Labrado
Ni dawa. Kuyumba kutapungua wiki mbili tatu hivi, njaa ndiyo itabaki. Wangu alikula kandambili mbili, za mguu mmoja. Mwambie daktari hata hivyo, na wiki ya tatu usikose kurudi wapime kiwango cha dawa kwenye damu. Sabuni weka juu.