Metfomini kwa asiye na kisukari: tumeze sasa au tudai utafiti kwanza?

Wakuu, salaam. Naleta hili kwa sababu limeshaingia nyumbani kwetu.

Mama ana kisukari, huu ni mwaka wa tisa. Asubuhi baada ya uji anameza kidonge kimoja cheupe cha metfomini, miligramu 500, na jioni kingine akishakula. Mwezi uliopita vidonge vikaanza kuisha kabla ya tarehe ya kliniki. Tukaogopa, tukadhani anasahau na kumeza mara mbili. Kumbe ni baba mdogo. Ana miaka 58, hajawahi kuambiwa ana sukari. Alisikia kwenye simu kwamba dawa hii inarefusha maisha, basi kila akija kumsalimia shemeji yake anaondoka na vidonge vinne, vitano mfukoni.

Nilipomuuliza alinijibu taratibu kabisa: "Mwanangu, wenzetu Ulaya wanaimeza. Sisi tunasubiri nini?"

Swali lake ndilo ninaloliweka hapa. Mimi nasema asimeze. Ila nasema pia kwamba anastahili jibu la uhakika, na kinachomnyima jibu hilo ni bei ya dawa yenyewe, kwa kuwa ni rahisi mno.

Metfomini ni dawa ya zamani. Chanzo chake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis, wenye kemikali zinazoshusha sukari. Wanakemia Werner na Bell waliitengeneza Dublin mwaka 1922, ikalala, mpaka daktari Jean Sterne wa Paris alipochapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Marekani iliiruhusu mwaka 1994 tu, kwa hofu iliyoachwa na dawa ya ukoo huohuo, fenformini, iliyoondolewa sokoni kwa sababu ilisababisha asidi kujaa kwenye damu na watu wakafa. Leo hatimiliki ya metfomini imekwisha na viwanda vingi vinaitengeneza. Kiwanda gani kitamwaga fedha kuichunguza upya, halafu jirani yake aje auze kidonge kilekile?

Ndiyo maana Nir Barzilai, mtafiti wa uzee wa New York, amehangaika miaka mingi kutafuta fedha za kuwafuatilia watu 3,000 wa miaka 65 hadi 79 wasio na kisukari, aone kama metfomini inachelewesha magonjwa ya uzeeni. Jaribio hilo ndilo lingemjibu baba mdogo.

Na msiniambie dalili njema zinatosha. Kwenye saratani dalili zilikuwa njema sana: wagonjwa wa kisukari waliotumia metfomini walionekana kupata saratani kwa uchache. Likafanyika jaribio kubwa la wanawake 3,649 wenye saratani ya matiti, nusu wakapewa metfomini na nusu kidonge kisicho na dawa ndani. Matokeo yalitoka 2022: kwa wasio na kisukari haikuzuia saratani kurudi. Kuna na jingine la 2019, wazee wa miaka 65 kwenda juu walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua vyuma kwa wiki 14. Misuli ya waliomeza metfomini iliongezeka kwa uchache kuliko ya wasiomeza. Baba mdogo anashika jembe kila siku, misuli hiyo ndiyo inayomlisha.

Lililonigusa zaidi limefanyika Afrika hii hii. Hospitali ya Tygerberg, Cape Town, iliwachukua wajawazito 180 ambao presha ya mimba, ile inayoelekea kifafa cha mimba, iliwapata mapema, kabla ya wiki 32. Tiba ya hali hiyo ni kuzalisha tu, na mtoto wa wiki 28 mnajua anavyopigania pumzi. Waliopewa metfomini walikaa na mimba siku 17.7, wenzao siku 10.1. Kwa hesabu za kitaalamu tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuthibitisha kwamba si bahati, na watafiti wenyewe walisema hivyo walipochapisha mwaka 2021. Lakini wiki moja tumboni, jamani! Mwenye kufaidi hapo ni mama wa Handeni kabla ya tajiri anayetaka kufika miaka 100. Serikali zetu zichange, majaribio ya namna hii yafanyike kwetu, kwenye wodi zetu.

Karibuni tujadili.

Mfamasia wa Mwanza: Dada, nakuunga mkono ila usitishe watu. Wako wasio na kisukari wanaoandikiwa metfomini kihalali: wanawake ambao hedhi imevurugika kwa vifuko vidogo kwenye ovari, na wale ambao sukari imepanda bila kufika kisukari. Kwa hawa wa pili utafiti upo. Marekani, 2002, watu 3,234: metfomini ilipunguza kuugua kisukari kwa asilimia 31. Kupunguza uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza kwa asilimia 58. Ninaowakatalia dirishani ni wanaokuja na jina la dawa wamelisikia kwa rafiki, hawajapima hata figo.

Mzee wa Kilifi: Binti yangu, fedha za majaribio zitoke wapi? Mimi nimemzika ndugu aliyekosa insulini. Kwanza zahanati ziwe na dawa ambazo tayari tunajua zinafanya kazi. Utafiti waachie wenye nacho.

Mleta mada: Pole sana mzee wangu, Mungu amrehemu. Sikupingi, insulini haina mjadala. Ila wenye nacho tumewaachia miaka yote, nao wanachunguza kinachowaua wao. Kifafa cha mimba kinaua wa kwetu, tukikaa kimya hakuna wa kutuulizia.

Mfamasia, nimekusikia, wanaoandikiwa na daktari waendelee. Na kwa mnaotumia miaka mingi: mama alianza kufa ganzi nyayo, sote tukasema ni sukari tu. Daktari akaagiza kipimo cha vitamini B12, ikakutwa imeshuka, kwa sababu metfomini ikitumika muda mrefu hupunguza ufyonzwaji wake. Sasa anachomwa sindano, na juzi alisema amesikia ubaridi wa sakafu.

Baba mdogo amekubali kuacha, kwa sharti tumpime kwanza kama kweli hana. Kesho alfajiri, kabla hajanywa chai, naenda naye. Nitaleta majibu hapa.