Poka: droo ya flashi (una nne za suti moja, unasubiri ya tano) kwenye meza ya $1/$3: kukoli (kulipa beti), kureizi (kuipandisha) au kukunja (kutupa karata)?

mzee_wa_riva
Wakuu salama. Niko Las Vegas, nacheza zile meza ndogo za no-limiti (unaweza kuweka zote ulizonazo) dola 1/3, yaani blaindi, zile beti za lazima, ni dola 1 na 3, na hili suala la droo kila mtu mezani ana dini yake, so nataka tulinganishe kwa mkono mmoja tu tusipotee. Wote tumekaa na kama dola 300. Wa kwanza kuongea kareizi 15, wawili wakakoli, mi niko batani (naongea wa mwisho) na esi na tano za kopa nikakoli, blaindi zote zikakunja. Nyumba, yaani kasino, ikishakata chake poti (hela za katikati) ina 60 hivi. Flopu (karata tatu za kwanza za ubaoni) inakuja kingi ya kopa, tisa ya kopa, nne ya maua. Aliyereizi anabeti 40, mmoja anakoli, mwingine anatupa, zamu yangu, mbele yangu 285. Mngefanyaje? Na msiniulize iliishaje, nataka hesabu sio hadithi.

kopa_tisa
Hesabu hii hapa mzee. Poti sasa ni 140 na wewe unadaiwa 40, yaani 3.5 kwa 1. Kopa zimebaki 9 kati ya karata 47 usizoziona, hiyo ni 19% hivi kwa karata ya nne, yaani unakosa mara 4.2 kwa kila 1 unayopata. Kwa bei ya sasa hivi tu haijafika, inapelea kama dola 29. Lakini hizo 29 unazipata kwa huyo mwenye kingi ambaye hata kopa ya tatu ikitua bado ataweka 60 au 80 "akuone". So unakoli, haina mjadala.

Ila kuna kitu watu wanachanganya kila siku. Ile 35% ya kupata flashi wanayoitaja ni ya karata mbili, ya nne na ya tano, na ni yako ukiwa una uhakika wa kuziona zote mbili kwa bei hiyohiyo. Hapa huna. Karata ya nne ikija ya maua halafu jamaa akabeti 100 na yule mwingine akatupa, poti ni 280, unapewa 2.8 kwa 1 wakati unahitaji 4.1. Hapo utakoli tu kama una imani kopa ikitua riva (karata ya tano, ya mwisho) atakupa na zile 145 zote zilizobaki, na hata hivyo unapita kwa unywele.

simba_shupaza
Mnacheza kama mnaogopa bana. Mi hapo ol-ini, naweka zote. Hela 140 imelala katikati, wote wakitupa naichukua bila kuangalia karata nyingine. Akinikoli mwenye esi-kingi bado nina kama 35%, poti inakuwa 670, sehemu yangu ni 234 na niliweka 285, so nikikoliwa napoteza kama 50 kwa wastani. Wakitupa mara 3 tu kati ya 10 tayari niko faida. Na akiwa na kingi-kwini zile esi 3 nazo ni zangu, nakaribia 45%. Mwenye kukoli koli anasubiri bahati, mwenye kureizi ana njia mbili za kushinda.

kopa_tisa
Simba hesabu yako iko sawa kwenye karatasi, tatizo ni hao watu. Wa 1/3 akishaona kingi yake imetua ubaoni ni ndoa ya kanisani hiyo, haivunjiki kwa dola 285. Na hapo lazima watupe wawili, sio mmoja. Halafu umehesabia anayekukoli ana esi-kingi, vipi akiwa na seti ya tisa, yaani tisa tatu? Unashuka mpaka 25% hivi. Kinachokulipa kwenye hizi meza ni kwamba hawatupi, sasa kwa nini uwalazimishe kutupa wakati bado hujapata kitu, si bora uwabetie ukishapata.

dada_wa_houston
Nawasoma tu nacheka maana wote mko sawa kwa watu tofauti 😂 Mi naangalia nani kabeti. Kama ni mzee aliyekaa na chipu zake tangu asubuhi na amereizi mara moja tu, huyo hatupi, nakoli. Kama ni kijana anayebeti kila flopu, huyo Simba yuko sahihi, msukume.

Ila kuna njia ya kati hamjaitaja. Uko batani, reizi mpaka 120. Wengi hapo wanakoli halafu karata ya nne wanakugongea meza (wanapitisha bila kubeti), nawe unagonga, unaona riva bure. Umelipa 120 kwa karata mbili, badala ya 40 sasa na 100 baadae, na kopa ikija mapema poti ishakuwa nene. Hatari yake ni akirudisha ol-ini: hapo poti ina 505 na wewe unadaiwa 165, zaidi kidogo ya 3 kwa 1, huwezi tena kutupa droo ya esi. So usiifanye kama moyo hauko tayari kwa 285 zote.

Kingine, huko Vegas nyumba inakata kwenye kila poti, huku Texas tunalipia kiti kwa saa. Poti ndogo ndogo za kufukuzia droo huku hazinyonywi kama huko.

shupaza254
Niko Nairobi, mnisaidie hapa. Mezani kwetu watu 6 wanaingia bila kureizi karibu kila mkono, bei rahisi sana, so mimi nacheza kila kitu chenye suti moja. Saba-sita ya kopa, kumi-tatu ya maua, yote. Iko sawa ama?

kopa_tisa
Saba-sita sawa ukiwa nyuma. Kumi-tatu tupa bro. Karata mbili za suti moja zinakupa flashi kamili kwenye flopu chini ya mara 1 kwa 100, na droo ya flashi kama 11% tu. Na watu 6 wakiingia maana yake kuna mtu mwingine anaweza kuwa na hiyo hiyo suti, kubwa kuliko yako. Droo ya esi ikitua unakula hao wote. Droo ya kumi ikitua unalipwa kidogo na wenye kingi, halafu unalipa nyingi kwa mwenye esi.

dada_wa_houston
Na streti (karata tano zinazofuatana) usiidharau. Droo ya streti ya pande mbili (inakamilika juu au chini) ni auti 8 tu, yaani karata 8 za kukukamilishia, badala ya 9, ila inajificha, kopa ya tatu ikitua kila mtu anakaza mkono lakini streti hawaioni. Angalia tu ubao usiwe na kopa mbili, maana auti zako 2 ndio zinamkamilishia mtu flashi, unabaki na 6. Ile inayokosa karata ya katikati, auti 4, ni karibu 11 kwa 1, hiyo mpaka iwe bei ya chai na wote mna chipu nyingi.

mzee_wa_riva
Asanteni. Yule aliyebeti alikuwa mzee wa ile aina aliyoitaja dada, so kwake ni koli. Swali la mwisho, mkono huohuo ila niko blaindi kubwa badala ya batani?

dada_wa_houston
Ya esi bado nakoli ila 120 sahau. Ya saba-sita natupa kwa beti hiyo. Kopa ikitua unaongea wa kwanza, ukibeti wanaiona wanatupa, ukigonga na wao wanagonga, zile dola 29 za kopa_tisa hazipatikani.

simba_shupaza
Mi hata blaindi ol-ini 😎

kopa_tisa
Simba niambie unacheza meza gani na saa ngapi nije nikae pembeni yako.