Mvua ya Rwenzori ilikukuta wapi? Waliopanda, tupeane uzoefu

Soksi_za_Sufu (Kampala)
Ndugu zangu, jana nilikuwa napanga kabati nikakutana na soksi nilizopanda nazo Rwenzori mwaka juzi. Nimezifua mara tatu, tope la kinamasi cha Bigo bado limo kwenye nyuzi. Nikakaa kitandani nimezishika, mambo yote yakanirudia: ile harufu ya nguo mbichi kibandani, ule ukungu wa saa nne asubuhi unaokuja kama mtu amefunga pazia.

Sababu ya kuandika ni mdogo wangu wa kike. Anapanda mwisho wa Desemba na wenzake wa kazini, njia ya Nyakalengija. Nimechungulia begi lake: jinzi mbili, raba nyeupe, sweta moja la kuendea kanisani. Nikimsemesha ananiambia, "Kaka, Desemba mvua imeisha." Mimi kaka yake hanisikii. Labda atawasikia ninyi. Mvua ilikukuta wapi, na ulikuwa umebeba nini?

Masika_wa_Kasese
Jinzi! Mungu wangu.

Masika_wa_Kasese
Ngoja nirudi niseme vizuri. Mji wa Kasese, hapo chini ya mlima, ndio unaowadanganya watu. Unashuka kwenye basi jasho linakutoka, unamwona muuza ndizi kavaa singlendi, unasema sweta la nini. Halafu mlima wenyewe huuoni, umejifunika mawingu, kwa hiyo hakuna cha kukutisha. Nimewaona wageni wakiacha makoti hotelini kupunguza mzigo. Mwambie mdogo wako asiamini jua la Kasese.

Mwalimu_Jiografia
Naongezea kwa Masika. Ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6. Mjini mchana unaweza kuwa na nyuzi 30. Kambi ya Elena iko mita 4,541, fanya hesabu mwenyewe, na hapo bado hujatoa usiku na upepo. Usiku Elena maji ya kwenye chupa yanaganda. Na mvua haitoki mbali: hewa yenye unyevu ikigonga mlima inalazimika kupanda, ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga. Ndiyo maana miezi mikavu kule, yaani mwisho wa Desemba hadi mwanzo wa Machi, na katikati ya Juni hadi Agosti, ni miezi yenye mvua kidogo. Sikusema isiyo na mvua.

Kijana_wa_FortPortal
Mimi nilienda Februari, siku nne za jua tupu. Nilirudi pua imebabuka. Kwa hiyo msimtishe binti wa watu. Abebe mafuta ya jua na miwani myeusi, ile theluji inapiga macho vibaya.

Bugoye_Boy
Februari ipi hiyo? Mimi nilipanda Februari na sikuona jua mpaka niliporudi chini.

Kijana_wa_FortPortal
Kila mtu na Februari yake ndugu yangu. Jina lenyewe la mlima linatokana na mvua, sisi Watooro tunasema *enjura*.

Masika_wa_Kasese
Linatokana na theluji. *Nzururu* ni theluji kwa Lukonzo, Rwenzururu ni mahali pa theluji, kwenye makao ya Kitasamba, mungu wetu wa mlima. Babu zetu walikuwa wakiuita hivyo kabla hamjaanza kuuangalia kwa mbali kutoka Fort Portal.

Kijana_wa_FortPortal
Kwa mbali? Dada, huo mlima tunauona kila asubuhi tukinywa chai.

Soksi_za_Sufu (Kampala)
Jamani, mvua au theluji, vyote viwili vinalowesha. Turudi kwenye begi.

Nyota_ya_Bwera
Sikutaka kuandika. Nimesoma mpaka hapo kwenye jinzi nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekosea.

Tulipanda Julai, mimi na binamu yangu. Julai, mwezi mkavu, kama alivyosema Mwalimu. Vifaa tulikodi kwa kampuni ambayo sitaitaja. Makoti ya mvua yalikuwa yamechakaa kwenye mishono, lakini mchana ule dukani yalionekana mazuri tu. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kambi ya Nyabitaba tulilala tukisikia pimbi wakipiga kelele, siku ya pili tukafika kambi ya John Matte tukiwa tumechoka lakini wakavu. Siku ya tatu, Bigo. Kinamasi cha juu kina njia ya mbao, lakini kabla yake unapita cha chini. Hapo unaruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine. Mvua ikaanza. Mguu wangu ukakosa kichuguu nikazama hadi kiunoni. Mwongozaji na mpagazi walinivuta kwa fimbo, gambuti moja likabaki kule chini, ikabidi mpagazi alale kifudifudi kulitafuta kwa mkono.

Tulipofika Bujuku ndipo nikafungua mzigo. Begi langu la kulalia lilikuwa limewekwa ndani ya gunia tupu, bila kaveera, ule mfuko wa plastiki. Ukilikamua, maji yanatiririka. Nguo zote vilevile. Nililala na sweta la mpagazi, mzee mmoja wa Kikonzo aliyenivulia la mwilini mwake akaniambia, "Mwanangu, mimi nimezoea." Sijalisahau neno hilo.

Kesho yake tukapanda Elena, theluji nyepesi inaanguka. Binamu yangu alikuwa na maumivu ya kichwa tangu Bujuku. Alinificha. Alimficha na mwongozaji, maana alikuwa amelipa pesa nyingi na alitaka kufika kilele cha Margherita. Usiku, kama saa tatu, akaanza kuniita kwa jina la mama yake. Nikadhani anaota. Nikamwangazia tochi, macho yako wazi. Nikamwita mwongozaji. Mwongozaji akamwambia ainuke, atembee kwenye mstari, kisigino kiguse vidole. Hakuweza hatua tatu. Alipepesuka kama mlevi, na mtu huyo hajawahi kuonja pombe.

Mwongozaji hakubishana na mtu. Alisema, "Tunashuka sasa hivi." Usiku, theluji inageuka mvua kadiri tunavyoteremka, miamba imelowa, kuna sehemu ya ngazi, wapagazi wawili wamemshika huku na huku. Mimi nyuma na zile nguo mbichi, meno yananigongana mpaka nikajiuma ulimi. Tulitumia saa nyingi sana. Karibu na Bujuku, kunapambazuka, binamu yangu akasimama, akaniita, akauliza, "Kwani tumeshafika kileleni?" Nilikaa kwenye tope nikalia, maana alikuwa ameniita kwa jina langu.

Yuko mzima leo. Daktari alisema ubongo ulikuwa umeanza kuvimba. Margherita hatukuiona.

Masika_wa_Kasese
Pole sana Nyota. Pole mno.

Bugoye_Boy
Pole dada. Huyo mzee mngemtafuta.

Nyota_ya_Bwera
Tulimtafuta. Nilimpelekea koti jipya na gambuti, na sukari ya nyumbani kwake.

Machame_Mtanzania
Pole sana. Lakini niseme ukweli, hayo ni ya mwili kutozoea. Mimi nimefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mara mbili, mita 5,895, Margherita ni 5,109 tu. Ningewashauri waanzie Kilimanjaro wajue miili yao.

Bugoye_Boy
Kaka, nimebeba mizigo huko Rwenzori miaka sita. Kilimanjaro ni mrefu, nauheshimu, lakini kwa njia za kawaida unafika kileleni kwa miguu yako na fimbo. Margherita unafungwa kamba, unavaa kramponi, yale meno ya chuma, unapita juu ya barafu yenye nyufa. Na kabla ya hapo umeshakula matope siku nne. Usipime mlima kwa futi.

Machame_Mtanzania
Sikudharau. Nasema tu urefu ni urefu, kichwa kikiuma hakiulizi kama kuna matope.

Nyota_ya_Bwera
Hapo kaka wa Machame umesema kweli. Kichwa kikiuma sema. Usimwogope mtu.

Dawa_Baridi
Kuna vidonge vya acetazolamide, vinasaidia mwili kuzoea. Utahisi vidole vinawasha, na utakojoa sana. Wenye mzio wa dawa za salfa wamwone daktari kwanza. Lakini visimfanye mtu akafunika dalili akaendelea kupanda. Kwa aliyefikia kupepesuka dawa kubwa ni kushuka, usiku huohuo kama walivyofanya kina Nyota.

Boda_Mkongwe
Mimi nilibeba waragi nusu lita, nikawa nakunywa kidogo kidogo, nikalala kama mtoto.

Bugoye_Boy
Mzee wangu, kwa heshima zote, usimfundishe binti hilo. Pombe inakupa joto la ngozi huku ndani unapoa. Nimemshusha mgeni kwa sababu hiyo. Chai ya tangawizi, sukari nyingi, na chupa ya maji moto uikumbatie kwenye begi la kulalia. Asubuhi maji hayohayo unakunywa.

Boda_Mkongwe
Sawa mjukuu. Mimi nilisema yaliyonikuta.

Afande_Mstaafu
Nawasoma tangu asubuhi. Mimi sikupanda kwa starehe. Nilipelekwa huko wakati wa vita na waasi wa ADF, mbuga ikiwa imefungwa kwa watalii. Hatukukaa siku saba, tulikaa miezi. Baridi tuliizoea. Kilichotumaliza ni miguu. Mguu ukikaa kwenye maji siku tatu mfululizo unakuwa mweupe, unajikunja kama ngozi ya kuku aliyechemshwa, halafu unapasuka, halafu askari hatembei tena. Kamanda wetu alikuwa akikagua miguu kabla ya kukagua bunduki.

Kwa hiyo, binti, nisikilize kama baba yako. Utakuwa na nguo za kulowa na nguo za kulala. Za kutembea zitalowa, kubali. Asubuhi utazivaa tena mbichi, utapiga kelele, dakika kumi zitakuwa zimepata joto la mwili. Za kulala, jozi moja ya kila kitu, soksi, suruali, fulana ya mikono mirefu, sweta na kofia, zifunge kwenye kaveera nene, halafu kaveera la pili. Hazitoki humo mpaka uko ndani ya kibanda na umejifuta. Hata mvua ikikatika, hata uone huruma kwa mwili wako, usizivae njiani. Soksi mbichi lala nazo tumboni, joto lako litazikausha kidogo.

Kijana_wa_FortPortal
Afande, asante. Hilo la tumboni nimelijaribu, linasaidia.

Mitumba_Queen
Za kununua wapi sasa? Kukodi ni bei, na mmeona ya Nyota. Mimi nilipata koti soko la Owino, Kampala, zuri kabisa, la kwenye theluji za Ulaya. Siri ni hii: kabla hujalipa, mwombe muuzaji kikombe cha maji, mimina begani, kaza mkono kwa ndani. Muuzaji akikataa, ondoka. Suruali tafuta za nailoni, zinakauka haraka. Pamba ikilowa kule haikauki mpaka urudi Kampala.

Masika_wa_Kasese
Glovu jozi mbili. Moja italowa tu.

Mwalimu_Jiografia
Na simu. Baridi inanyonya betri. Lala nayo kifuani, pamoja na betri za tochi ya kichwa.

Kilembe_Nyumbani
Mimi sijawahi kupanda hata hatua moja, lakini mvua ya mlima huo naijua. Ilitufuata nyumbani. Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kama magari, ukaingia Kilembe, ukachukua nyumba na madaraja. Mei 2020 ukarudi. Kwa hiyo nikisoma mtu anauliza kama mvua imeisha kule juu, moyo wangu unashtuka. Machi mpaka Mei msipande, jamani. Hata kama mmepunguziwa bei.

Bugoye_Boy
Pole jirani. Na Septemba mpaka Novemba vilevile.

Mdogo_wa_Soksi
Shikamooni. Mimi ndiye mwenye jinzi. Kaka amenitumia haya yote nikasoma usiku mzima. Dada Nyota, nimelia. Jinzi nimezitoa. Leo nilikuwa Owino, nimemimina maji kwenye makoti manne, matatu yalivuja begani, la nne nimelinunua. Swali langu ni viatu. Nimekwama kati ya buti za ngozi na gambuti.

Machame_Mtanzania
Buti za ngozi, zinakamata kifundo. Gambuti utateguka.

Bugoye_Boy
Gambuti mpaka Elena. Buti za ngozi zifungwe kwenye kaveera, zitoke Elena, maana kramponi haifungiki kwenye gambuti.

Afande_Mstaafu
Marahaba binti. Msikilize kijana wa Bugoye. Unavaa namba ngapi?

Mdogo_wa_Soksi
38, afande.

Afande_Mstaafu
Chukua gambuti namba 40, uvae soksi mbili.

Nyota_ya_Bwera
Afande nisamehe, 40 tope litamvua kama lilivyonivua mimi. 39, mdogo wangu. Na ukifika Bigo ya chini, shikana mkono na mtu.