Duka limeniuzia tairi la tyubulesi (lisilotumia tyubu) kwa pikipiki yangu Bultaco ya ringi za spoku, halafu wananiambia "saizi ni ile ile"!

Wakuu, nimechoka na hawa watu. Nipo Uingereza, nina Bultaco Sherpa T ya mashindano ya trial (yale ya kupita kwenye mawe na mito bila kutia mguu chini), ukoo ule ule aliopanda bingwa Sammy Miller akashinda Scottish Six Days, trial ya siku sita ya Scotland, mwaka 1965. Si pikipiki isiyojulikana. Tairi la nyuma limekwisha kashata, nikawaandikia wenye duka kila kitu: ringi ya spoku, inatumia tyubu, nataka 4.00-18. Wameniletea 4.00R18 ya tyubulesi.

Nawapigia simu, jamaa ananijibu nitie tyubu ndani, mambo yaishe. Hayaishi! Hiyo R maana yake tairi ni la radial, yaani nyuzi zake zimenyooka toka ukingo hadi ukingo. Lile lenye kistari ni la nyuzi za mshazari, ndilo pikipiki hizi zilitoka nalo. Na ukingo wa tyubulesi umetengenezwa ukae kwenye ringi yenye bega la kuubana. Ringi yangu ya zamani haina bega hilo. Kwenye trial nyuma tunajaza upepo kidogo sana, psi 4 au 5 hivi, ili tairi lilalie jiwe na kulishika. Kwa upepo huo, tairi lisilokaa sawasawa linateleza kwenye ringi, linaburuta tyubu, valvu inang'oka. Na hapo uko katikati ya mto, mawe matupu.

Eti basi nichukue la mbio za motokrosi, "lina meno makubwa". Mtu anauza matairi ya mashindano na hajui kwamba trial hairuhusu meno hayo! Kanuni za kimataifa zinataka kina cha kashata kisizidi milimita 13.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanataka nilipie mimi usafiri wa kulirudisha. Nimeagiza kitu kwa maandishi, wametuma kingine, gharama iwe yangu? Silipi hata senti.

Matairi ninayoyataka yapo. Pirelli MT43 ni ya trial na ina saizi hiyo, ila ukuta wake nasikia ni mgumu kidogo. Wenye Sherpa, Montesa Cota au Yamaha TY za zamani, nyuma mmefunga tairi gani? Na kama ni MT43, mnashusha upepo hadi ngapi ndipo lilale?